UZI: Wakorea wa ughaibuni na sanaa yao. Angalia kwanza mlango aliotokea msanii

Nakshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila yakifunguliwa maonyesho ya wasanii wa Kikorea wanaoishi nje, bango la ukutani linasema yale yale: diaspora, utambulisho, mtu aliye katikati ya tamaduni mbili. Ukilisoma utadhani Wakorea takriban milioni 7 walioko nje ya rasi yao walipanda meli moja siku moja. Hainiingii akilini, na kila nikizitazama kazi zenyewe naona zinalikataa bango hilo.

Hoja yangu ni hii: ugeni wa mtu unategemea mlango aliotokea. Mwanafunzi aliyeondoka na barua ya chuo anaikumbuka nyumba yao hadi kitasa. Mtoto aliyepelekwa Ulaya kabla hajajua kusema hana kitasa cha kukumbuka, na hata jina aliloandikiwa huenda si lake. Kuwafunga hawa wawili kwa neno moja ni kuwadhulumu wote.

Nianze na anayejulikana zaidi. Do Ho Suh alizaliwa Seoul mwaka 1962. Baba yake, Suh Se-ok, alikuwa mchoraji mkubwa wa wino, na miaka ya 1970 aliijengea familia yake nyumba ya mbao ya kimila, hanok, kwa kuiga nyumba ya karne ya 19 iliyomo ndani ya kasri la Changdeokgung. Huo ndio wakati Seoul ilikuwa inabomoa nyumba za namna hiyo na kupandisha maghorofa. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia ndani ya nyumba ambayo tayari ilikuwa kumbukumbu. Mwaka 1991 akaenda Marekani kusoma, kwanza Rhode Island School of Design, halafu Yale.

Mwaka 1999 akaionyesha Los Angeles nyumba ile nzima kwa vipimo vyake halisi, imeshonwa kwa hariri nyepesi ya kijani kilichopauka, inaning'inia kutoka darini. Unaona mihimili, madirisha, paa, na kupitia ukutani unawaona watu wanaopita upande wa pili. Maonyesho yakiisha inakunjwa, inafungashwa, inasafiri. Na kila inapofika, mji unaongezwa kwenye jina la kazi: ilianza na Seoul na Los Angeles, ikaongezwa New York, Baltimore, London, Seattle.

Mwaka 2025 nilikwenda kuiona kazi yake mpya zaidi pale kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London. Ameshona umbo la nyumba anayoishi London kwa kitambaa cheupe kinachoonyesha, kisha ndani yake akapachika vitasa, swichi za taa, soketi na vikorokoro vingine vya nyumba zote alizopitia: Seoul, Providence, New York, Berlin, Horsham, London. Vyote vya kitambaa, vya rangi rangi, mshono mdogo mdogo. Nilisimama kwenye swichi moja muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye kitu kingine chochote mle. Swichi ya nyumbani kwenu huipapasi gizani, mkono unafika wenyewe. Ukihamia nchi nyingine, kwa miezi mkono unaendelea kwenda pale ambapo hakuna kitu. Ugeni wa aina hiyo haumo kwenye hotuba wala kwenye pasipoti, umo kwenye bega na kiganja, na Suh ndiye msanii niliyemwona ameushika hapo hapo ulipo.

Lakini angalieni: Suh anaweza kurudi. Nyumba ya baba ipo. Amewahi kuifunika hanok ile kwa karatasi na kuisugua kwa grafiti, ile ya ndani ya penseli, mpaka kila ubao na kila pengo likatoa alama yake kwenye karatasi. Mtu ambaye mlango umefungwa nyuma yake hawezi kuifanya kazi hiyo.

Karibuni.

MwanaKariakoo

Mkuu Nakshi, heshima kwako, ila umeanza na mtoto wa mkubwa. Baba msanii maarufu, nyumba ya mfano wa kasri, chuo cha Yale. Mimi niko Doha, nalala chumba cha vitanda sita, swichi iko kwa mwenzangu wa kitanda cha mlangoni na ndiye anayeamua taa izimwe saa ngapi. Niambie sanaa ya bwana huyo inanihusu nini mtu wa zamu.

Nakshi

Ndugu yangu, pole na majukumu. Swali lako ndilo uzi wenyewe, na ngoja nikupe msanii wa mlango wako.

Desemba 1963 Korea Kusini iliingia mkataba na Ujerumani Magharibi wa kupeleka wachimba makaa ya mawe. Hadi mwaka 1977 walikuwa wamekwenda karibu 8,000, pamoja na wauguzi zaidi ya 10,000. Nchi ilikuwa maskini, inatafuta fedha za kigeni kwa udi na uvumba, na mshahara wa vijana hao ulikuwa unarudi nyumbani kulisha wazazi na kusomesha wadogo zao. Ni habari unayoijua bila kusimuliwa.

Mmoja wao ni Song Hyun-Sook, aliyezaliwa mwaka 1952 Damyang, kusini magharibi mwa Korea. Mwaka 1972 akafika Ujerumani kama muuguzi msaidizi. Baada ya miaka michache ya kazi hiyo akajiunga na chuo cha sanaa cha Hamburg, na akabaki huko akawa mchoraji.

Sasa tazama anavyofanya kazi. Anatumia brashi pana na rangi ya tempera, iliyochanganywa na yai. Anavuta mpigo mmoja mrefu, unaona rangi ikianza nzito na kuishia nyepesi pale brashi ilipokauka. Mpigo wa namna hiyo haurekebishiki. Anachora mtungi wa udongo, nguzo, kitambaa kilichofungwa kwenye mti, vitu vya kijijini, juu ya usuli wenye giza. Na jina la mchoro ni idadi ya mipigo ya brashi iliyoujenga. Basi. Hakuna "Huzuni ya Nyumbani" wala "Mama Yangu". Ni hesabu ya mwendo wa mkono.

Mimi nausoma huo kuwa mkono wa mtu wa zamu. Mtu aliyepangiwa vitanda vya kutandika na wagonjwa wa kugeuza anajua kila mwendo wa mkono unagharimu nini. Wakosoaji wengine wanaanzia kwenye maandishi ya wino ya Mashariki ya Mbali, nao hawajakosea, ila mimi siwezi kuutazama mchoro ule nikaisahau hospitali.

Na tusidhani walikaa kimya. Uchumi wa Ujerumani ulipoyumba miaka ya 1970 na mamlaka zikataka kuwarudisha wauguzi kwao, wanawake hao walijipanga, wakakusanya saini, wakasema wao si bidhaa ya kuagizwa na kurejeshwa. Wakashinda haki ya kukaa.

MwanaKariakoo

Huyu wa mipigo ya brashi nimemwelewa. Endelea mkuu.

Bi Mshoni

Kaka Nakshi, asalaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Mombasa, sasa niko Muscat na watoto. Nimekwama kwenye ile nyumba ya hariri. Kitambaa kinachoonyesha hakina pa kuficha kitu. Ukikosea mshono unaonekana mbele na nyuma, pindo lazima ulikunje likumeze nyuzi zote, na hariri nyepesi ukiifumua mara moja tu matundu ya sindano yanabaki hapo milele. Sasa nyumba nzima! Na vitasa! Nani aliyeshona? Maana hiyo si kazi ya mikono miwili.

Nakshi

Wa aleikum salaam dada yangu. Hiyo nyumba ya kwanza aliishona pamoja na wanawake mafundi wa mavazi ya kimila ya Kikorea, na mshono wao ndio unaoibeba. Vipimo alichukua yeye. Jina kubwa la ukutani ni la kwake peke yake, na hapo nakubaliana na unakoelekea: bila ule ustadi wa wanawake waliobaki Seoul, mwanaume aliyeondoka asingekuwa na nyumba ya kufungasha.

Kwa kuwa wewe ni fundi, nikupeleke kwa Kimsooja. Alizaliwa Daegu mwaka 1957, baba yake mwanajeshi, kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kuhamahama ndani ya nchi. Mwaka 1983 alikuwa amekaa na mama yake wanashona mfarishi wa kitanda. Anasimulia kwamba sindano ilipogusa hariri aliona kama dunia yote imepita kwenye ncha ile. Tangu hapo hakuiacha mifarishi. Korea mifarishi hiyo ya rangi kali hupewa maharusi. Ndiyo watu wanayolalia, wanayozalia, wanayofia. Na ndiyo inayotandazwa chini, vitu vya ndani vikawekwa katikati, pembe nne zikafungwa, familia ikahama. Mafurushi hayo ndiyo sanaa yake.

Mwaka 1997 alipakia mafurushi kwenye lori dogo, akakaa juu yake, akazunguka Korea kwa siku 11, kilomita 2,727, akipita miji aliyowahi kuishi. Kwenye picha unamwona kwa mgongo tu, mwanamke mdogo juu ya kilima cha rangi. Mwaka 1999 akalipeleka lori Venice, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa, na kuliweka wakfu kwa wakimbizi wa vita vya Kosovo.

Kisha mwaka 2007 akafanya safari kama hiyo Ufaransa, kutoka Vitry-sur-Seine hadi kanisa la Saint-Bernard, Paris. Kanisa hilo Waafrika wanalijua. Agosti 1996 wahamiaji wasio na karatasi wapatao 300, wengi wao kutoka Mali, walikuwa wamejihifadhi humo, na polisi wakauvunja mlango kwa mashoka. Kimsooja hakuleta furushi lake mbele ya mlango ule ili azungumzie Korea. Alikuja kusimama na wenye mlango wao. Katika kazi zote za mafurushi ninazozijua, hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Ana video pia, A Needle Woman, aliyoanza mwaka 1999. Anasimama katikati ya barabara yenye watu wengi, ametupa mgongo, hatikisiki. Tokyo, Shanghai, Delhi, New York, Mexico City, Cairo, Lagos, London. Tokyo watu wanampita kama hayupo. Lagos watoto wanasimama wanamkodolea macho. Mtu ni yule yule, nguo ni ile ile, kinachobadilika ni macho ya wenyeji. Mgeni yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya basi nchi ya watu anaijua tofauti ya kutoonekana na kuonekana kupita kiasi, na sijui ipi inauma zaidi.

Mzawa wa Nyarugusu

Nimesoma vyote. Mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Wazazi wangu wametoka Fizi. Sasa tuko Kentucky. Watu hapa wananiuliza kama natamani kurudi kwetu. Congo sijawahi kukanyaga. Tanzania nilizaliwa, lakini kutoka nje ya kambi ilikuwa hadi upewe kibali. Kwa hiyo habari ya vitasa inanipita, nyumba yetu ilikuwa ya udongo na turubai la misaada na sasa anaishi mtu mwingine au imeanguka. Kaka, kuna Mkorea yeyote mwenye hali kama yangu? Asiye na nyumba ya kupima?

Nakshi

Wapo mdogo wangu, na ndio walionifanya niandike uzi huu.

Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, Korea Kusini ilianza kupeleka watoto nje waasiliwe. Vita vikaisha, nchi ikatajirika, watoto wakaendelea kupelekwa, wengi zaidi miaka ya 1980. Idadi inatajwa kati ya 140,000 na 200,000, inategemea anayehesabu na mwaka anaoanzia. Walikwenda Marekani, Ufaransa, Denmark, Sweden na kwingineko. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilieleza wazi: watoto wenye wazazi waliandikwa yatima, nyaraka zilighushiwa, na wengine walipewa utambulisho wa mtoto mwingine. Serikali iliacha mashirika binafsi yafanye yalivyotaka.

Jane Jin Kaisen alizaliwa kisiwa cha Jeju mwaka 1980 akalelewa Denmark. Mtu huyu hana hanok ya kuishonea hariri. Kwa hiyo ameshika kitu kingine: simulizi ya Bari, ambayo waganga wa kike wa Korea huiimba wanapowasindikiza wafu. Mfalme anataka mtoto wa kiume. Anapata mabinti sita. Wa saba, Bari, anatupwa. Miaka inapita, mfalme anaugua, na dawa pekee ni maji ya uzima yaliyoko kwenye nchi ya wafu. Hakuna binti aliyelelewa ikulu anayekubali kwenda. Anayekwenda ni yule aliyetupwa. Anarudi na maji, anamponya baba, anapewa nusu ya ufalme, anaikataa. Anachagua kukaa mpakani mwa walio hai na wafu, awaongoze wanaovuka.

Filamu ya Kaisen, Community of Parting, ilionyeshwa mwaka 2019 kwenye banda la Korea huko Venice. Humo sauti za wanawake walioondoka kwa njia mbalimbali zinasikika, na kuna tambiko la mganga wa Jeju. Kisiwa hicho kuanzia mwaka 1948 kilipoteza watu wanaokadiriwa kati ya 25,000 na 30,000 serikali ilipozima uasi, na kwa miongo mingi kuwataja waliokufa ilikuwa hatari. Kaisen anaziunganisha habari hizi mbili, watoto waliotolewa na wafu waliokatazwa kuliliwa. Kwake swali la kwamba yeye ni Mdenmark au Mkorea halipewi hata dakika. Anauliza nani aliyemtupa Bari, na kwa nini kila mara anayetumwa kuponya ni yule yule aliyetupwa.

Mwingine ni Nikolai Shin wa Uzbekistan, aliyefariki mwaka 2006. Mwaka 1937 Stalin aliwang'oa Wakorea takriban 172,000 kutoka mashariki ya mbali ya Urusi, wakapakiwa kwenye mabehewa hadi Kazakhstan na Uzbekistan. Shin alikuwa mtoto. Alichora kwa miaka mingi kazi moja, Requiem, yenye urefu wa mita 44. Miili, miili, miili, na haina nyuso. Nilipoiona kwenye picha nilielewa kwamba mtu aliyehamishwa na dola pamoja na taifa lake lote hachori nyumba yake mwenyewe. Anachora msafara.

Na kama mnadhani habari ya milango ni maneno yangu tu, tazameni sheria. Mwaka 1999 Korea Kusini ilipitisha sheria ya kuwapa Wakorea wa nje haki ya kuingia, kukaa na kufanya kazi kama ndugu. Lakini iliandikwa kwa namna iliyowaacha walioondoka kabla ya dola kuundwa mwaka 1948. Maana yake Mkorea wa Los Angeles akaingia, wa Tashkent na wa China kaskazini mashariki wakabaki nje. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ikasema hilo halikubaliki, na sheria ikarekebishwa mwaka 2004. Nchi ilikuwa inapanga ndugu zake kwa tarehe ya kuondoka, na bahati mbaya tarehe hiyo ililingana vizuri sana na unene wa pochi.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nawafuatilia. Naomba niongeze mlango mmoja, ule ambao dola inakufuata huko huko uliko.

Mwaka 1967 idara ya ujasusi ya Korea Kusini iliwakusanya Wakorea waliokuwa Ujerumani Magharibi na Ufaransa, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, ikawapeleka Seoul kwa madai ya kuifanyia ujasusi Korea Kaskazini. Kesi ya Berlin Mashariki, ndivyo ilivyoitwa. Miongoni mwao alikuwamo mtunzi wa muziki Yun Isang, na mchoraji Lee Ungno aliyekuwa akiishi Paris. Kosa la Lee lilikuwa kwenda Berlin Mashariki, ambako Korea Kaskazini ilikuwa na ubalozi, akitafuta habari za mwanawe waliyepoteana naye vitani.

Gerezani hakuwa na vifaa. Akachukua wali wa mlo wake, akauponda pamoja na karatasi za magazeti, akafinyanga sanamu. Mchuzi wa soya akaufanya wino, akachora kwenye karatasi za chooni. Alizitoa kazi kama 300 mle ndani. Aliachiwa mwaka 1969 baada ya kelele za Ufaransa, akarudi Paris, na baadaye akachukua uraia wa huko. Baada ya mauaji ya Gwangju, mji wa Korea Kusini ambako jeshi liliua waandamanaji Mei 1980, akaanza kuchora makundi ya watu kwa wino, mamia kwa mamia kwenye karatasi moja, kila mtu mpigo mchache tu, wanaruka, wanakimbia, wanacheza, huwezi kujua ni maandamano au ngoma. Alifariki Paris Januari 1989, maonyesho yake makubwa yakiwa yamefunguliwa Seoul bila yeye.

Mtu huyu hakuitamani nyumbani kwa kuikumbuka tu. Nyumbani kulimfunga, na bado alichora watu wa nyumbani mpaka mwisho.

Nakshi

Shikamoo mwalimu. Asante sana, hapo kwenye wali sina la kuongeza.

Rangi_Berlin

Shikamoo mwalimu, na salaam kwa wote. Mimi ni mchoraji kutoka Arusha, nasoma Berlin. Naomba kuuliza jambo linalonikera. Kila nikipeleka kazi kwenye maonyesho wanataka waone Afrika. Nikichora mraba wa kijivu naulizwa utamaduni wangu uko wapi. Kuna Mkorea aliyekataa kuulizwa hivyo? Na Nam June Paik, yule gwiji wa sanaa ya video, mbona hamjamtaja?

Nakshi

Paik kwa ufupi, maana ameandikwa sana. Familia tajiri ya Seoul, ikakimbia vita mwaka 1950, yeye akapita Hong Kong, Japani, Ujerumani, akaishia New York. Alirudi Korea mwaka 1984 baada ya miaka 34, mwaka ule ule aliofungua kwa matangazo ya moja kwa moja ya setilaiti yaliyounganisha New York na Paris siku ya mwaka mpya. Mwaka 1993 aliiwakilisha Ujerumani Venice. Alikuwa na uwezo wa kuifanya televisheni kuwa nchi yake, na ni gwiji, ila kwenye jambo hili la ugeni hanigusi kama yule muuguzi wa Hamburg.

Kwenye swali lako, mtazame Lee Ufan. Alizaliwa Korea mwaka 1936, Japani ikiwa inatawala, akahamia Japani mwaka 1956. Anaweka jiwe na bamba la chuma chumbani, anaondoka. Humo huoni hanok wala furushi. Huko Naoshima, Japani, ana jumba zima la kazi zake tangu mwaka 2010. Ukitaka kujua alikozaliwa, jiwe halikuambii, na ninaamini alilichagua kwa sababu hiyo pia.

Na mtazame Haegue Yang, kwa kuwa uko mji aliouishi. Alizaliwa Seoul mwaka 1971, akaenda Ujerumani mwaka 1994 kusoma Frankfurt. Mwaka 2004 alikuwa na kazi ambazo hazijanunuliwa na hana pa kuziweka. Alipoalikwa kwenye maonyesho London, akazileta zote zikiwa zimefungwa vile vile kwenye makasha na plastiki, juu ya mapaleti, akaziacha hapo. Ikawa kazi, akaiita Storage Piece. Watazamaji waliokuja kutafuta Ukorea walikuta mizigo. Ndugu, hiyo nayo ni habari ya mhamiaji, tena ya kweli kabisa: kodi ya nyumba, mita za mraba, mahali pa kuweka vitu vyako. Ila hakumpa mtu ngoma ya kuchezea.

Chora mraba wako.

Bi Mshoni

Na hawa watoto wetu tunaowabeba wadogo? Wangu alifika hapa Muscat hajaanza shule.

Nakshi

Dada, hao nao wana mlango wao. Yong Soon Min alizaliwa Korea mwaka 1953, mwaka vita viliposimama, akapelekwa California akiwa na miaka saba. Mwaka 1992 alijipiga picha akaandika tarehe juu ya mwili wake kwa mzunguko unaoanzia kitovuni: 1953, Aprili 19, 1960 wanafunzi walipoinuka kwa maandamano yaliyomwangusha rais, Mei 18, 1980 Gwangju, kisha Aprili 29, 1992, siku Los Angeles ilipoanza kuwaka moto na maduka ya Wakorea yapatayo 2,300 yakaharibiwa au kuporwa. Tarehe mbili za katikati zilitokea Korea. Ya mwisho iliwakuta Wakorea wenzake ugenini. Zote zimo kwenye tumbo moja. Sidhani mtoto aliyebebwa anapungukiwa historia. Nadhani analazimika kubeba mbili, na hakuna anayempunguzia.

Mzawa wa Nyarugusu

Nimerudi kwenye ile ya Bari, nimeisoma tena. Kaka, hapo mwisho sikubaliani. Eti anapewa nusu ya ufalme anakataa. Mimi ningeichukua. Mama yangu aliomba kipande cha kulima mahindi nje ya kambi akaambiwa hairuhusiwi. Aliyetupwa akirudi na dawa, mpeni anachostahili, msimfanye malaika wa kusindikiza watu.

Nakshi

Mdogo wangu, sitakushawishi uikatae. Simulizi hiyo ina matoleo mengi, kila eneo na waganga wake, na wapo wanaoimba mwisho tofauti. Kaisen alichukua toleo la kukataa kwa sababu kwake ufalme wenyewe ndio uliotupa watoto, na nusu yake bado ni ufalme ule ule. Lakini walioasiliwa wenzake wengi wako upande wako. Wapo waliopelekwa Marekani ambao wazazi wa huko hawakuwahi kuwakamilishia uraia, na wakiwa watu wazima wakafukuzwa kurudishwa Korea, nchi wasiyoijua hata lugha yake. Miongoni mwao yupo aliyefungua kesi mahakamani. Wengine ndio waliopeleka malalamiko mbele ya Tume, yalikuwa 367, wakitaka majalada yao halisi na kuombwa radhi na dola. Tume ilipendekeza serikali iombe radhi rasmi. Andika zaidi kuhusu kile kipande cha mahindi, nitakusoma.